Mwanga wa Siku ya Nne na Jiko la Mjomba

Jumatano, 11 Aprili

Nimefika. Nimenyang'anywa simu saa mbili na dakika tano asubuhi. Saa mbili na dakika sita nikaanza kuililia.

Kanuni za kituo hiki cha kutafakari zimesomwa na msimamizi, U Mya Khaing, mzee mwembamba mwenye kengele mkono mmoja na tochi mkono wa pili. Uso wake haujawahi kusikia kichekesho. Hakuna kuongea. Hakuna kula baada ya saa sita mchana. Hakuna kusoma. Hakuna kuandika, maana eti anayeandika hajitazami, anajisimulia. Nikaitikia kwa heshima zote, daftari hili likiwa limekunjwa kiunoni ndani ya kikoi. Kikoi chenyewe cha kahawia, cha kuazimwa, kinaishia juu ya vifundo vya miguu kwa sababu mimi ni mrefu. Mrefu na mwenye sura.

Niandike kisa chenyewe, ili nikija kuwa mtu mkubwa watu wasipate taabu ya kuuliza. Mjomba U Pe Thaung ana mkahawa wa chai karibu na stesheni ya Pyay. Mchanganyaji chai wake, mzee aliyekaa jikoni miaka ishirini na mbili, amerudi kijijini kupumzika. Anayesimama kwenye jiko lile ni mfalme. Anamimina chai toka juu mpaka chini bila kudondosha tone, wateja wanamwita Mwalimu, na hakuna anayemtuma sigara. Tunaolitaka jiko ni wawili: mimi, Naing Htut, na Wai Phyo, mtoto wa mama mdogo.

Mjomba anasema jiko linataka akili iliyotulia. Basi ametuleta wote wawili tutafakari siku kumi, tena siku hizihizi za Thingyan, mwaka mpya, wakati vijana wenzetu wanamwagiana maji barabarani! Atakayesifiwa na Mtawa Mkuu ndiye atapewa jiko. Mwingine atapelekwa Monywa kwa shemeji yake Mjomba, kubeba magunia ya kunde.

Wai Phyo! Mtu anayesinzia huku anakunywa supu! Jiko ni langu. Naona hata huruma.

Daftari nalificha juu ya boriti, kibanda cha kuogea. Hakuna anayetazama juu akiwa na sabuni machoni.

Alhamisi, 12 Aprili

Kengele saa kumi alfajiri. Nilidhani ni moto. Ingekuwa afadhali.

Kazi yetu ni hii: unakaa, unafumba macho, unatazama tumbo. Likipanda unataja kimoyomoyo "kupanda". Likishuka, "kushuka". Basi! Saa nzima! Kisha saa nzima ya kutembea kama kinyonga: kuinua, kusogeza, kukanyaga. Kisha kukaa tena. Ukiumwa, unataja "maumivu". Ukisikia mbwa, "kusikia". Nilidhani siri itafuata. Haikufuata. Ndiyo hiyo.

Saa nane mchana tumbo langu liliacha kupanda. Lilikuwa linashuka tu. Njaa!

Jioni, kutoa taarifa. Tunapiga magoti watano watano mbele ya Mtawa Mkuu, kila mmoja anaeleza alichokiona ndani yake, na wengine wanasikia. Mtawa Mkuu ni mnene, mpole, ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilisema tumbo limepanda, kisha limeshuka. Akanitazama jinsi mtu anavyotazama ukuta. Wai Phyo akasema alilala, Mheshimiwa. Akaulizwa kama alijua usingizi ulipoanza. Akajibu hakujua, alijua tu ulipoishia, kwenye nguzo. Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuwashinda.

Halafu mkamua mafuta ya karanga kutoka Magway, U Aung Baw, akasema aliona mwanga. Mweupe, kama taa ya baiskeli, ukapita mbele ya macho yake yaliyofumbwa. Watu wote walishusha pumzi. Hata mgongo wangu ulinyooka. Kumbe mambo ni hayo! Jiko haliko kwenye tumbo. Liko kwenye mwanga!

Ijumaa, 13 Aprili

Thingyan imeanza. Nyuma ya ukuta ngoma, spika, mipira ya maji, wasichana wanapiga mayowe. Humu ndani: kuinua, kusogeza, kukanyaga. Maji kidogo yaliruka ukuta yakanidondokea begani. Nikataja "kulowa". Nikataka kulia.

Lakini nimefanya biashara! Kuna mzee, U Sein Bo, mkagua tiketi wa reli mstaafu. Hii ni mara yake ya kumi na moja hapa. Nilimfuata kwenye mawe ya kufulia, pale U Mya Khaing hasikii kwa sababu ya kelele za maji. Nikamnong'oneza kwamba mimi ni kijana mwenye kiu ya kujua: je, watu waliofika mbali hukutana na mambo gani? Akaniambia nirudi kwenye tumbo langu. Nikamwonyesha mabonge yangu manne ya sukari guru. Hapa sukari guru inaruhusiwa hata jioni kwa sababu inahesabiwa dawa, na tangu jana mimi ni mgonjwa sana.

Mzee alitazama kushoto, akatazama kulia, akapokea. Huku anasugua kikoi akanipa orodha nzima. Kwanza mwanga. Kisha vinyweleo kusimama. Kisha mwili kuwa mwepesi kama pamba. Kisha kama chungu wanatembea usoni, na usijikune. Kisha harufu ya maua yasiyokuwepo. Kisha mwili kuyumba wenyewe. Kisha mikono kutoweka, kichwa kutoweka, mwili kujaa ukumbi mzima. Na machozi yasiyo na huzuni.

Mambo manane. Nimeyashika yote kwa mpangilio. Shule walisema sina kumbukumbu! Mara mbili walisema, na kwa maandishi.

Jumamosi, 14 Aprili

Leo nimeona mwanga. Yaani nimesema nimeuona.

Nilimshinda yule wa baiskeli. Nikasema wangu ulikuwa mpana kama sinia, Mheshimiwa, na ulikaa. Mtawa Mkuu akauliza rangi. Nikasema nyeupe, na dhahabu kidogo pembeni. Akauliza nilipoutaja ulifanya nini. Hilo halikuwa kwenye orodha! Jasho. Nikasema ulifurahi. Akavua miwani, akaifuta, akasema nikiuona tena nitaje "kuona, kuona", nisiufuate, nisiutake.

Ndiyo tu? Mtu anakuletea mwanga mpana kama sinia, unamwambia asiutake?

Lakini nilipokuwa natoka, U Aung Baw wa Magway alinipisha mlangoni. Alinipisha! Mzee mzima! Wai Phyo yeye aliripoti goti. Jana goti, leo goti. Aliulizwa goti linaumaje. Akaeleza kwa muda mrefu kuliko mimi na mwanga wangu: kwamba linaanza kama moto, kisha linakuwa kama msumari, kisha akilitazama sana linakuwa halina jina. Nilipiga miayo kwa ajili yake.

Jumapili, 15 Aprili

Nimeripoti mambo matano kwa mkupuo mmoja! Vinyweleo, pamba, chungu, maua (nilisema padauk, maana yamechanua kila mahali), na kuyumba. Kuyumba niliigiza waziwazi ukumbini mchana, ili kuwe na mashahidi. Niliyumba vizuri, taratibu, kushoto, kulia. Nikaanza kujisifu moyoni, nikazidisha, nikamwangukia U Aung Baw. Akatoa mguno. Nikabaki pale juu yake macho yamefumbwa, kwa sababu mtu aliyefika mbali hawezi kuomba samahani haraka.

Jioni Mtawa Mkuu alisema huyu kijana anasafiri kwa treni ya haraka. Siku nne tu na vituo vyote vimepita. Akauliza kama kuna kituo nilichoshuka. Nikasema hapana Mheshimiwa, napitiliza tu. U Sein Bo alipaliwa na mate mpaka wakampiga mgongoni.

Baadaye kwenye mawe ya kufulia mzee alinishukia. Kijana wewe, alinong'ona, umeyataja kama nilivyoyataja mimi, neno kwa neno, mpaka na mahali nilipotulia kusuuza povu! Nikamjibu asante. Akasema hakunisifu.

Bado mikono na kichwa. Hayo nayatunza kwa siku ya mwisho. Ni ya kufungia kazi.

Jumatatu, 16 Aprili

Jamani. Jamani!

Naandika mkono unatetemeka. Angalau mkono upo.

Baada ya chakula, saa nane hivi. Joto la kukaanga karanga. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nimekasirika tu: orodha imekaribia kwisha, Mtawa Mkuu hajasema hata "vizuri", na mbele yangu Wai Phyo anakoroma kama jenereta. Kwa kuchoka nikaanza kutaja kweli. Hasira, hasira. Njaa, njaa, njaa. Joto. Wivu kwa Wai Phyo anayelala. Kusikia mkoromo. Tumbo kupanda. Kushuka. Likawa linapanda na kushuka lenyewe, mimi nikiwa pembeni kama mteja. Halafu nikataka kugusa pua nikakuta mikono haipo.

Haipo! Si kwamba imekufa ganzi. Haipo! Nikaitafuta kwa akili, sikujua iko juu au chini. Halafu kichwa. Nilikuwa nafikiri bila kuwa na kichwa! Halafu nikawa mkubwa, mkubwa kama ukumbi, wote wamekaa ndani yangu, na mkoromo wa Wai Phyo unatokea mahali fulani karibu na ini langu. Na machozi yanatiririka. Wala sikuwa na huzuni.

Niliruka nikakimbia. Nikainama kwenye mtungi wa maji: kichwa kipo. Nikajifinya: mikono ipo. Nikajifinya tena kwa uhakika zaidi.

Nini hiki? Ama ni joto la jua, ama pepo wa ule mti mkubwa getini amenishika kwa uongo wangu. Kila alfajiri tunakula kiapo cha amri nane, ya nne ni kutosema uongo. Mimi naiapa saa kumi na moja, naivunja saa kumi na moja jioni.

Na shida yenyewe ni hii. Siwezi kumuuliza Mtawa Mkuu! Mimi ni bingwa. Nimekwisha kuyumba, nimekwisha kunusa maua. Bingwa gani anakuja analia eti mikono imepotea? Nikimwambia nimeogopa, atajua yale mengine niliyatoa wapi, na jiko limekwenda. Nisipomwambia, nitakuwa kichaa, na jiko limekwenda vilevile. Hata Monywa hawatanitaka. Utabebaje gunia huna mikono?

Jumanne, 17 Aprili

Mwaka mpya. Kila mtu anaachia samaki mtoni ili apate thawabu. Mimi sikulala vizuri, nilikuwa nahesabu vidole.

Leo ni siku ya vijana kuwaosha wazee nywele, na kituoni pia tunaruhusiwa. Niliwahi foleni nikamkamata U Sein Bo. Nikampaka maji ya magome mpaka povu likafunika masikio, kisha nikainama nikamuuliza: ile ya mikono, mzee, ilipokupata ulifanya nini?

Povu likawa linadondoka. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba haijampata.

Nikauliza kichwa je. Kichwa pia bado. Mwanga? Akasema aliwahi kuona kitu cha bluu mwaka wa tano, lakini alikuwa amekunywa dawa ya kikohozi. Kumbe orodha yote ameikusanya kwa kusikiliza taarifa za wengine! Miaka kumi na mmoja, mkagua tiketi, hajawahi kupanda treni! Halafu akageuka ghafla, povu likamwingia machoni, akaniuliza: wewe imekupata? Nilipokaa kimya akanitazama kwa wivu wa wazi kabisa, mzee wa watu, jicho moja limefumbwa kwa sabuni. Nilimsuuza taratibu.

Basi jioni nilipiga moyo konde. Nilimwambia Mtawa Mkuu kwamba kuna rafiki yangu. Hayuko hapa. Yuko mbali. Yeye anatafakari huko mbali, na mikono yake imepotea.

Mtawa Mkuu akauliza kama huyo rafiki anakula. Nikasema anakula, ila baada ya saa sita hapewi. Akauliza kama analala. Nikasema tangu jana hapana. Akauliza kama ameogopa. Nikasema, Mheshimiwa, ameogopa vibaya sana.

Akasema nimwambie hivi: si ugonjwa, si pepo, na wala si cheo. Hapa kituoni amesikia hayo kwa wakulima, kwa wauza samaki, kwa mwalimu wa hesabu. Akili ikitulia kidogo, mwili unasahaulika kidogo, basi. Huja, hukaa, huondoka, kama kwikwi. Asiyatake, asiyakimbie. Akiogopa ataje "hofu, hofu". Akizidiwa afumbue macho, atembee, anywe maji, aje aseme. Na leo alale, akasema, akinitazama juu ya miwani. Huyo rafiki yako wa mbali alale mapema.

Lo! Nilihisi jiwe limeshushwa kifuani. Si kichaa! Si pepo! Wauza samaki! Nilitoka nikashika mti nikacheka peke yangu. Nikanywa maji glasi tatu. Mikono yangu mizuri, miwili, vidole kumi. Nimewahi kufurahi hivi lini? Hata nilipofaulu hesabu sikufurahi hivi. Sikufaulu hesabu, lakini ni namna ya kusema.

Na jiko bado linawezekana. Rafiki wa mbali ameniokoa.

Jumatano, 18 Aprili (kwenye karatasi ya sabuni)

Daftari halipo!

Nimepapasa boriti nzima. Buibui tu. Nani mwingine kama si Wai Phyo! Nilipoona anatembea uwanjani, nikaingia kwenye begi lake. Taulo. Kikoi cha akiba. Picha ndogo ya mama mdogo. Kopo la dawa ya kuchua. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Amri ya kimya. Alichukua lile kopo, akalifungua, akanipa, akaonyesha goti langu, akaondoka. Anadhani naumwa goti! Imenibidi nijipake. Inawasha.

Saa sita mchana nimelipata daftari. Sote tumelipata.

Fundi alikuja asubuhi kutengeneza paa la kibanda. Daftari likadondoka ndani ya tangi la maji. U Mya Khaing akaliopoa, na kwa kuwa yeye ni mtu asiyetupa kitu chochote, alilichambua ukurasa kwa ukurasa akazianika kwenye kamba ya nguo, kwa vibanio, kati ya vikoi, zikauke.

Kurasa zangu! Zinapepea! Hakuna kusoma kituoni, lakini nimeona jinsi watu wanavyoweza kutembea polepole. Kuinua, kusogeza, kusimama. U Aung Baw alisimama mbele ya Jumapili, pale niliporipoti mguno wake, dakika nzima. U Sein Bo alisimama mbele ya Jumanne akajishika kichwa. Wai Phyo alisimama mbele ya Jumatano ya kwanza. Akafika kwenye supu. Midomo yake ilitikisika. Sijui ni kilio au kicheko.

Nataja: aibu, aibu. Haipungui.

Alhamisi, 19 Aprili (karatasi ya sabuni, upande wa pili)

Nilikuwa nimefunga begi tayari. Nimejizoeza hata jinsi ya kuinua gunia.

Mtawa Mkuu alikuwa na kurasa mapajani, zimekunjamana kama papadi. Nikapiga magoti. Hakunikaripia. Alinipa ukurasa mmoja, wa Jumatatu, akasema leo nisitoe taarifa kwa kichwa, nisome. Kwa sauti.

Nikasoma. Hasira, hasira. Njaa, njaa, njaa. Joto. Wivu kwa Wai Phyo anayelala. (Wai Phyo yuko kulia kwangu, kiwiko kwa kiwiko.) Mpaka mikono. Mpaka mtungi wa maji.

Kisha Mtawa Mkuu akasema: "Vizuri."

Vizuri! Nimelingoja neno hilo siku tisa! Akasema hii ndiyo taarifa. Sinia la dhahabu aliliweka pembeni siku ileile. Lakini mtu aliyeona njaa akaiita njaa, akaona wivu akauita wivu, huyo saa ile alikuwa anafanya kazi. Hata mikono isingepotea ingekuwa taarifa nzuri. Akanirudishia kurasa zote, akaniamuru nirudie amri ya nne mara tatu, polepole, na ile mara ya tatu nimtazame usoni. Nilimtazama. Ilikuwa ngumu kuliko goti la Wai Phyo.

Halafu, mbele ya wote, U Aung Baw wa Magway akakohoa. Akasema Mheshimiwa, kwa kuwa ni siku ya kusema, ule mwanga wake wa baiskeli, siku ya pili alfajiri... amechunguza tangu hapo. Ni tochi ya U Mya Khaing. Anapita nayo saa kumi na nusu kuhesabu watu.

Mtawa Mkuu alicheka mpaka miwani ikaning'inia kwenye uzi. Sote tukacheka. U Mya Khaing alisimama pale mlangoni na tochi yake, hakucheka, lakini nimeona aliizima.

Ijumaa, 20 Aprili

Daftari limekauka, nimelishona tena. Limevimba kama andazi, lakini linaandikika.

Mjomba amekuja na Mama na mama mdogo, na vidonge vya unga wa mchele vyenye sukari ndani. Kimoja huwekwa pilipili kwa utani wa mwaka mpya. Nimekipata mimi, bila shaka.

Mjomba alipiga magoti, akauliza waziwazi: Mheshimiwa, yupi ametulia? Mtawa Mkuu akasema yeye hapimi akili kwa kilo. Mjomba ni Mjomba, akauliza tena. Mtawa Mkuu akasema: huyu analala, na anasema amelala. Huyu anakimbia, na akifika mbali anaandika kwamba alikimbia. Chai ni yako.

Mjomba alifikiri kwa muda wa birika kuchemka. Kisha akasema Wai Phyo atasimama jikoni. Kwa nini? Kwa sababu Wai Phyo akiunguza maziwa atasema Mjomba nimeunguza maziwa. Huyu Naing Htut akiunguza atampelekea mteja, na kumweleza kwamba ndiyo mtindo mpya wa Mandalay.

Sikuweza kubisha. Wazo lenyewe si baya.

Nikafumba macho nikingoja Monywa. Hofu, hofu. Lakini Mjomba akasema shemeji amenunua mkokoteni wa injini, hataki mtu. Amesema hivyo tangu mwezi uliopita! Kumbe hofu yangu yote ilikuwa ya bure! Na U Mya Khaing, huyohuyo wa tochi, akasogea akamwambia Mjomba kwamba kijana huyu alisikia orodha ya mambo manane mara moja, kwenye kelele za maji, akaikariri bila kukosea. Mkahawa una nani wa kushika oda?

Basi mimi ndiye mwita oda! Hakuna gunia! Meza kumi na sita, kali moja, tamu ya maziwa mengi mbili, nyepesi isiyo na sukari moja, sambusa sahani tatu, na zote naziita kwa sauti toka mlangoni! Mama alifuta jasho, akaninong'oneza kwamba alikuwa ameshanishonea pedi ya bega.

Wakati wa kuondoka Wai Phyo alinipa kitu tena. Kopo la dawa ya kuchua. Akasema, neno lake la kwanza kwangu kwa siku kumi: "Kaka, kwa ajili ya goti lako la uongo."

Jumatano, 25 Aprili

Siku ya tano kazini. Chai ya Wai Phyo ni nzuri. Inaniuma kuandika hivyo. Maumivu, maumivu. Jana aliunguza maziwa, akatangaza kwa mkahawa mzima, na watu wakampigia makofi. Makofi! Kwa maziwa!

Mimi wateja wananiita Mtawa. Wananiomba niwasimulie mikono. Nawasimulia. Leo, kwa meza ya saba, ilipotea pamoja na miguu. Nilikuwa nimebeba sinia. Glasi mbili zimevunjika. Nimetaja "kuvunjika".

Lakini habari kubwa! Mjomba anafungua tawi stendi ya mabasi mwakani. Jiko lake lenyewe! Amesema atakayesimama pale ataamuliwa baada ya Thingyan ijayo, palepale kituoni, na Mtawa Mkuu yuleyule.

Safari hii najua wanachopenda. Si mwanga! Mwanga ni wa washamba wa Magway. Mtawa Mkuu anapenda daftari. Anapenda wivu, njaa na aibu, kwa mwandiko wa kutetemeka. Basi kwa nini ningoje mpaka mwakani, wakati nina muda sasa kati ya oda na oda? Nimenunua daftari jipya, jembamba, lenye karatasi zinazokauka upesi. Siku za juma nimeziacha wazi kwa kuwa sina kalenda. Mengine tayari:

11 Aprili, siku ya ____. Nimefika. Nina kiburi, kiburi.

13 Aprili, siku ya ____. Nimesikia maji nyuma ya ukuta. Nimetamani. Nimetambua kwamba nimetamani. Mimi ni mtu wa kawaida sana.

16 Aprili, siku ya ____. Leo miguu.

18 Aprili, siku ya ____. Lo! Daftari langu limeanguka kwenye tangi! Sikutegemea kabisa!